Doa la Hati: Kipimo cha Mkojo na Adhabu Isiyoitwa Adhabu katika Jeshi la Marekani

Kila askari anayemaliza utumishi wake katika jeshi la Marekani hupewa hati iitwayo DD 214. Humo mna tarehe za kuingia na kutoka, cheo cha mwisho, nishani, na maneno machache yanayoeleza aina ya kuondoka kwake: kwa heshima, kwa hadhi ya kawaida chini ya mazingira ya heshima, au chini ya mazingira yasiyo ya heshima. Ziko aina mbili nyingine mbaya zaidi, lakini hizo hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake. Mwajiri huyasoma maneno hayo, chuo huyasoma, idara ya mafao ya maveterani huyasoma. Hoja yangu ni kwamba kwa askari aliyepatikana na dawa za kulevya kwenye mkojo, maneno hayo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote, na yanaandikwa kwa ushahidi mwepesi kuliko ule ambao sheria ingeutaka ili kumfunga jela mwezi mmoja. Jeshi lina haki ya kumwondoa mtu anayetumia dawa. Ninachokipinga ni kuondoa na kutia doa kufanywa tendo moja.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1971, serikali ya Nixon ilipoanza kuwapima askari waliokuwa wakitoka Vietnam, shabaha ilikuwa heroini, na aliyepatikana nayo alizuiwa kwanza atibiwe kabla ya kupanda ndege. Utafiti wa Lee Robins uliowafuatilia askari hao baada ya kurudi nyumbani uliwashangaza wataalamu: wengi mno kati ya waliokuwa waraibu kule vitani hawakuurudia uraibu. Kisha mwaka 1974, katika kesi ya Ruiz, Mahakama ya Rufaa ya Kijeshi iliamua kuwa kumlazimisha askari atoe mkojo ambao matokeo yake yatamwumiza ni sawa na kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe. Kwa miaka kadhaa kipimo kikabaki zaidi kuwa chombo cha tiba.

Kilichobadilisha hali ni ajali. Usiku wa tarehe 26 Mei 1981, karibu na pwani ya Florida, ndege ya aina ya EA-6B ilianguka ilipokuwa inatua juu ya meli ya kubebea ndege ya USS Nimitz. Watu 14 walikufa. Uchunguzi wa maiti ulikuta mabaki ya bangi katika miili ya baadhi ya mabaharia waliokuwa sitahani. Kabla ya mwaka huo kwisha, Naibu Waziri wa Ulinzi Frank Carlucci aliruhusu matokeo ya mkojo yatumike kuwaadhibu askari. Mwaka 1983 Bunge likatunga Kifungu cha 112a cha sheria ya kijeshi kinachohusu dawa za kulevya peke yake, na mwaka huohuo mahakama ile ile ya rufaa ikaliacha pingamizi la Ruiz. Sababu ya ukali huo inaeleweka. Uchunguzi wa mwaka 1980 uliwauliza askari wenyewe, na zaidi ya robo walikiri kuwa walitumia dawa haramu katika siku 30 zilizotangulia. Hakuna kamanda anayeweza kuongoza kikosi cha namna hiyo akalala usingizi.

Hata hivyo, tukio la Nimitz linasomwa vibaya. Bangi ilikutwa kwa watu waliokuwa chini wakiipokea ndege. Makosa ya kuirusha yalikuwa ya rubani, na mwilini mwake ilikutwa dawa halali ya mafua kwa kiwango kikubwa. Mabaki ya bangi yalithibitisha kwamba watu fulani waliwahi kuvuta. Hayakuthibitisha kwamba walikuwa wamelewa usiku ule, wala kwamba ndiyo yaliyoiangusha ndege. Pengo hilo kati ya kilichomo mwilini na kilichotendwa na mtu ndilo kiini cha kesi zote zilizofuata.

Tuutazame utaratibu wenyewe kwa karibu. Askari anaitwa asubuhi bila taarifa. Anaonyesha kitambulisho, chupa yake inabandikwa lebo, anaingia chooni pamoja na mwangalizi wa jinsia yake ambaye kazi yake ni kuuona mkojo ukitoka mwilini na kuingia chupani. Kifuniko kinafungwa, utepe wa kuzuia udanganyifu unapitishwa juu yake, askari anatia herufi za jina lake kwenye lebo na saini kwenye daftari. Kuanzia hapo kila mkono unaoigusa chupa lazima uandikwe kwenye fomu. Maabara hupima mara ya kwanza kwa njia ya haraka, na sampuli iliyoonyesha dalili huthibitishwa kwa mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake. Kwa bangi, kikomo cha kipimo cha kwanza ni nanogramu 50 kwa mililita moja ya mkojo. Cha uthibitisho ni 15.

Utaratibu huu ni mzuri, na uligharimu aibu kuufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya baadhi ya maabara za jeshi ilikuwa ovyo kiasi kwamba jeshi la nchi kavu lenyewe lililazimika kuwaarifu maelfu ya watu waliokwisha kuadhibiwa kwamba matokeo yao hayakuwa ya kutegemewa. Leo maabara hizo ni miongoni mwa zinazokaguliwa kwa ukali, na wakili anayemtetea askari kwa kudai tu kwamba chupa zilichanganywa hafiki mbali.

Lakini maabara bora kuliko zote duniani husema jambo moja tu: kemikali hii ilikuwa ndani ya mkojo huu. Kifungu cha 112a kinaadhibu jambo jingine, yaani kutumia kwa kujua. Katika kesi ya Mance ya mwaka 1988 mahakama ilikazia kuwa askari lazima awe alijua kuwa dawa inaingia mwilini mwake, na alijua asili yake. Mashine haipimi kujua. Mahakama zimeliziba pengo hili kwa kuwaruhusu majaji kukisia: ikiwa kemikali imo, na mtaalamu ameeleza maana yake, basi wanaweza kuhitimisha kuwa mtu alijua. Mwaka 1999, katika kesi ya Campbell, mahakama ilijaribu kuubana ukisiaji huo kwa kutaka mtaalamu aonyeshe kuwa kiwango kilichokutwa kinaondoa uwezekano wa mtu kuingiza dawa bila kujua. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Green, masharti hayo yakalegezwa. Na hofu ya mtu kuingiza dawa bila kujua si ya vitabuni tu. Februari 2023 Wizara ya Ulinzi iliwaonya askari wote waache mikate na vyakula vyenye mbegu za mmea wa afyuni, kwa sababu baadhi ya mbegu hizo zinaweza kumfanya mlaji aonekane ametumia kodeini.

Mahakamani, angalau, askari ana wakili, ana haki ya kumhoji mtaalamu, na mashtaka lazima yathibitishwe pasipo kuacha shaka. Hatari nayo ni kubwa: kutumia bangi kunaweza kumletea kifungo na kufukuzwa jeshini. Ndiyo maana kesi nyingi haziendi huko. Zinapita kwa kamanda, chini ya Kifungu cha 15, ambako askari hushushwa cheo, hukatwa nusu ya mshahara kwa miezi 2 na kupewa kazi za ziada. Anaweza kukataa na kudai mahakama, ila akiwa melini hana haki hiyo. Baada ya hapo huja barua ya kuachishwa, na hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Kuachishwa huku kunaitwa hatua ya kiutawala. Kwa kuwa si adhabu, kanuni kali za ushahidi za mahakamani hazifuatwi kikamilifu, na inatosha jambo lionekane lina uwezekano mkubwa kuliko kinyume chake. Askari mwenye utumishi wa miaka 6 au zaidi, au anayekusudiwa kupewa hati isiyo ya heshima, ana haki ya kusikilizwa na bodi. Mwenye miaka 3, anayepewa hati ya hadhi ya kawaida, hana bodi. Ana barua, ana muda mfupi wa kumwona wakili, na ana karatasi ya kujibu. Ukisiaji ambao mahakama iliuzungushia mtaalamu, wakili na majaji unabaki mtupu: karatasi ya maabara na saini ya kamanda. Na hati hiyo ya kawaida, pamoja na neno heshima lililomo ndani yake, humnyima askari mafao ya masomo ya baada ya Septemba 2001, ambayo kwa vijana wengi wa familia maskini ndiyo yaliyowapeleka jeshini.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kuliko linavyodhaniwa. Vijana kutoka Afrika Mashariki wamejiunga na jeshi hilo wakiwa na grini kadi, na mpango wa MAVNI uliofungwa mwaka 2016 uliwapokea hata wasio nayo kwa sababu ya lugha wanazozijua, Kiswahili kikiwamo. Njia yao ya haraka ya uraia hutegemea utumishi wa heshima. Zaidi ya hapo, aliyekwisha kupata uraia kwa njia hiyo anaweza kunyang'anywa akiachishwa chini ya mazingira yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi. Na sheria ya kijeshi humfuata popote aendapo. Mkenya aliyerudi likizo Meru akatafuna miraa pamoja na wajomba zake hajavunja sheria ya Kenya, lakini kathinoni iliyomo ndani ya miraa imo katika orodha ya kwanza ya dawa zinazodhibitiwa Marekani, na Kifungu cha 112a hakina mpaka wa bahari.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Jeshi si kiwanda. Anayetiliwa shaka hata kidogo anaweza kuwaua wenzake, na kamanda hawezi kusubiri mahakama kwa kila chupa. Nakubali. Kwa hiyo aondolewe, hata kwa uwezekano tu, kama rubani anavyozuiwa kuruka kwa shaka ya macho yake. Lakini usalama wa kikosi unapatikana siku askari anapovuka lango. Maneno yanayoandikwa kwenye hati hayaongezi chochote katika usalama huo. Yanamwadhibu mtu aliyekwisha kuondoka.

Jeshi lenyewe limekiri sehemu ya ukweli huu, ila kwa kuchelewa. Waraka wa Waziri Chuck Hagel wa Septemba 2014, na ule uliofuata Agosti 2017, uliziagiza bodi za marekebisho ziwaangalie kwa huruma maveterani ambao makosa yao yalitokana na majeraha ya akili ya vita, wakiwamo waliotumia dawa kujitibu. Ila mzigo wa kuthibitisha ni wa veterani, serikali haimpi wakili, na dirisha la bodi ya mapitio hufungwa baada ya miaka 15. Mzigo huo ungepaswa kuwa wa serikali, na mapema: hati iliyo chini ya heshima kamili isitolewe kwa matokeo ya mkojo peke yake bila kikao, bila wakili, na bila ushahidi wa pili kwamba mtu alijua alichotumia. Bunge lililotunga Kifungu cha 112a linaweza kuyaandika hayo, na pa kuanzia ni wale wenye utumishi chini ya miaka 6, ambao leo, wakipewa hati ya hadhi ya kawaida, hawana hata bodi ya kuwasikiliza.