Kidonge Kati ya Chakula na Dawa: Safari ya Sheria za Virutubisho vya Vitamini na Madini

Kidonge cha vitamini kina sura ya dawa na kazi ya chakula. Hupimwa kwa miligramu na kufungwa kwenye chupa yenye lebo, lakini kilichomo ndani ndicho kilekile kilichomo kwenye chungwa, mchicha, dagaa au ini. Karibu mabishano yote ya kisheria kuhusu virutubisho vya nyongeza yameanzia hapo. Nchi inayokihesabu kuwa dawa humtaka mtengenezaji athibitishe usalama na faida yake kabla hakijafika dukani. Nchi inayokihesabu kuwa chakula humwacha auze, na serikali huingilia pale madhara yanapoonekana. Ilipita miaka 70 hivi tangu vitamini C ianze kutengenezwa kiwandani hadi mataifa yalipokubaliana juu ya mwongozo mmoja, mwaka 2005, na hata mwongozo huo haukutaja kima cha juu cha vitamini hata moja.

Elimu ya vitamini ilizaliwa kutokana na watu walioshiba na bado wakaugua. Mabaharia wa safari ndefu walitoka damu kwenye fizi na meno yakawalegea kwa kiseyeye. Mwaka 1747, ndani ya manowari ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind alichukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa tiba yake, ikiwemo siki na maji ya bahari. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi. Waliporudishiwa mchele wenye pumba, wakapona. Mwaka 1912 mwanakemia Casimir Funk akavipa vitu hivyo vya siri jina lililozaa neno vitamini. Mwaka 1933 Tadeus Reichstein akabuni Uswisi njia ya kutengeneza vitamini C, na kampuni ya Hoffmann-La Roche ikaipeleka sokoni.

Tangu hapo vitamini ikawa bidhaa. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, wataalamu wa Marekani walipanga kwa mara ya kwanza kiasi cha kila kirutubishi kinachopendekezwa kwa siku. Hesabu ile ilikuwa ya kima cha chini: askari, mama mjamzito na mtoto wa shule wasipungukiwe. Hofu ya kuzidisha ilikuwa bado haijapata nafasi mezani.

Hofu hiyo ilikuja polepole. Vitamini C na za kundi B huyeyuka kwenye maji, na ziada yake kwa kawaida hutoka na mkojo. Vitamini A na D huyeyuka kwenye mafuta na hujilimbikiza mwilini. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza walikutana na watoto wachanga wenye kalisi nyingi mno katika damu, wakaihusisha hali hiyo na vitamini D iliyokuwa ikitiwa kwa wingi kwenye maziwa ya unga na vyakula vya watoto. Serikali ikapunguza kiasi hicho. Na hata vitamini za maji hazikuwa salama kwa kipimo chochote kile. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za vitamini B6 kila siku, kiasi ambacho ni zaidi ya mara elfu ya mahitaji ya mtu mzima. Walikufa ganzi mikononi na miguuni, na mwendo wao ukayumba.

Wakati huo chombo cha kimataifa kilikuwa tayari kimeundwa. Tume ya Codex Alimentarius ilianzishwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, pamoja na Shirika la Afya Duniani, WHO, ikafanya kikao chake cha kwanza Roma mwaka 1963. Kazi yake ni kuandika viwango vya chakula vinavyolinda afya ya mlaji na kurahisisha biashara. Kamati yake ya lishe na vyakula vya mahitaji maalumu iliwekwa chini ya uenyeji wa Ujerumani. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa, kwa sababu Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa kali kuliko nyingine kuhusu vidonge hivi.

Marekani ilielekea upande wa pili, na si kwa kupenda kwa serikali yake. Mwaka 1973 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza kanuni za kuhesabu kuwa dawa bidhaa nyingi zilizozidi mara moja na nusu ya kiasi kinachopendekezwa kwa siku. Miaka mitatu kabla, Linus Pauling, mshindi wa Tuzo mbili za Nobel, alikuwa amechapisha kitabu cha kuwahimiza watu wanywe vitamini C kwa wingi dhidi ya mafua, na mamilioni walimsikiliza. Barua za malalamiko zikamiminika bungeni. Mwaka 1976 ikapita sheria iliyosukumwa na Seneta William Proxmire, ikiizuia FDA kuweka ukomo wa nguvu ya kidonge cha vitamini isipokuwa kwa sababu ya usalama.

Mvutano huo kati ya FDA na watumiaji wa vitamini ulirudi miaka ya 1990. Tangazo moja la televisheni la wakati huo linaonyesha jinsi hisia zilivyochemka: askari wenye silaha wanavamia nyumba usiku, na mwenye nyumba, mwigizaji Mel Gibson, anakutwa na chupa ya vitamini C mkononi. Picha ile ilifanya kazi ambayo hoja za kitaalamu zisingeiweza. Oktoba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoongozwa na maseneta Orrin Hatch na Tom Harkin. Sheria hiyo iliweka virutubisho chini ya mwavuli wa chakula: muuzaji hahitaji kibali kabla ya kuuza, na mzigo wa kuthibitisha kwamba bidhaa ina madhara uko juu ya serikali.

Inasikitisha kwamba mwaka uleule ndipo Finland ilipotoa matokeo ambayo yangestahili kusomwa kwanza. Wanaume 29,133 waliovuta sigara walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakipewa beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ilitarajiwa kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Utafiti wa Marekani uliofanana na huo ulisimamishwa mapema mwaka 1996 baada ya kuona mwelekeo uleule. Kuanzia hapo wataalamu walianza kupanga kwa makini kima cha juu cha usalama kwa kila kirutubishi. Kwa mtu mzima, vitamini A iliwekewa mikrogramu 3,000 kwa siku, madini ya chuma miligramu 45.

Ulaya ilikuwa na tatizo la jirani na jirani. Chupa iliyouzwa waziwazi katika duka la London iliweza kuzuiwa Ujerumani, ambako vitamini iliyozidi mara tatu ya kiasi kinachopendekezwa ilihesabiwa dawa. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa utaratibu huo mwaka 2004: kila bidhaa ichunguzwe peke yake, isihukumiwe kwa kipimo kimoja cha jumla. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshatoa agizo lake mwaka 2002, lililoruhusu vitamini 13 na madini 15 tu, pamoja na orodha ya aina za kemikali zinazokubalika. Wauzaji na walaji wa Uingereza walilipinga mahakamani, na tarehe 12 Julai 2005 majaji wakaamua kwamba agizo ni halali.

Siku chache kabla ya hukumu hiyo, Roma, Tume ya Codex ilikuwa imepitisha mwongozo wake. Rasimu ilikuwa imezunguka kamatini kwa takriban muongo mzima. Ujerumani na wenzake walitaka kipimo kifungwe karibu na kiasi kinachopendekezwa kwa siku. Marekani na wengine walitaka kipimo kitokane na tathmini ya madhara. Nje ya kumbi, kampeni kali zilidai kwamba vitamini zingepigwa marufuku dunia nzima. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo cha kweli ingawa hitimisho lake halikuwa sahihi: tangu Shirika la Biashara Duniani, WTO, lianze kazi mwaka 1995, viwango vya Codex hutumika kama kipimo katika mashauri ya biashara kati ya nchi, kwa hiyo maneno yake si ushauri mtupu tena.

Mwongozo wenyewe ni mfupi. Unahusu tu nchi zinazohesabu virutubisho kuwa chakula. Nchi inayoviita dawa haiguswi. Unaanza kwa kukumbusha kwamba mlo kamili kwa kawaida humtosha mtu. Kila dozi ya siku iwe na angalau asilimia 15 ya mahitaji ya siku, ili mnunuzi asiuziwe kidonge kisicho na kitu. Kima cha juu kitokane na tathmini ya kisayansi ya usalama, baada ya kuzingatia kile ambacho watu wanakipata kwenye chakula, na kisiegemee kiasi kinachopendekezwa peke yake. Hapo ndipo upande wa Ujerumani uliposhindwa. Ukiigeuza chupa iliyofuata mwongozo huu, utakuta nyuma yake kiasi cha kila kirutubishi katika dozi ya siku, idadi ya vidonge vya kumeza, onyo la kutozidisha, maelezo kwamba bidhaa haichukui nafasi ya mlo, na agizo la kuiweka mbali na watoto wadogo. Hilo la mwisho lina historia ya uchungu: vidonge vya madini ya chuma, vyenye rangi na utamu wa peremende, vimewaua watoto wengi waliovidhania kuwa pipi.

Njia ya kupata kima cha juu ikakubaliwa, namba zikabaki wazi. Agizo la Ulaya la 2002 liliahidi viwango vya juu vya pamoja, na zaidi ya miaka 20 baadaye havijawekwa. Ugumu uko kwenye sahani za watu. Gramu 100 za ini la ng'ombe zina vitamini A inayozidi mikrogramu 3,000, hivyo kidonge kisicho na shida kwa jamii isiyokula ini kinaweza kuizidishia inayolila kila wiki.

Nchini Tanzania, swali hilo la kale la chakula au dawa limegawanywa baina ya ofisi mbili. Mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2003 ilisimamia chakula na dawa kwa pamoja. Mwaka 2019 chakula kilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Hata hivyo virutubisho ambavyo Waafrika Mashariki wengi wanavifahamu havitoki dukani. Ni vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki, na matone ya vitamini A ya watoto. Hivi husimamiwa na miongozo ya WHO, na somo kubwa kuhusu kima cha juu lilitoka Pemba.

Huko, watoto wadogo 24,076 walishiriki katika utafiti wa kuwapa baadhi yao miligramu 12.5 za madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Kiasi hicho kilifuata mapendekezo na kilikuwa chini kabisa ya kima cha juu. Agosti 2003 utoaji wa madini ya chuma ulisimamishwa: waliopewa walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kuugua sana hadi kulazwa au kufariki. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na WHO ikabadili ushauri wake. Mwongozo wake wa 2016 unataka madini ya chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria yaende sambamba na kuikinga malaria, kuipima na kuitibu.