Daftari la Kuluva

Wengi hudhani kazi ya mmisionari ni mahubiri tu. Historia ya Kuluva, karibu na Arua, yatufunza zaidi. Mwaka 1941 Dkt. Ted Williams wa Africa Inland Mission alianzisha hospitali huko. Alitibu, alisali, tena alijua kutengeneza motokaa. Ndiyo sababu mwaka 1961 Denis Burkitt alimchukua katika safari ya maili 10,000 kuchunguza saratani ya watoto. Kumbukumbu za wagonjwa wa West Nile, toka Arua hata Koboko, ziliwaonyesha wataalamu mwaka 1967 kwamba maradhi hayo hutokea kwa mafungu, mahali pamoja na wakati mmoja. Basi sisi walimu tusidharau daftari: kuandika kwa uaminifu kila siku nako ni ibada.