Kioo Kisiguse Picha

Picha za karatasi za karne ya 19 zilihitaji kubandikwa. Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza njia ya kupaka karatasi ute wa yai, kisha chumvi za fedha, na kwa miongo kadhaa studio nyingi duniani zilisafisha picha kwa mayai. Karatasi yenyewe ilikuwa nyembamba, na ute ukikauka iliweza kujikunja. Basi mpiga picha aliibandika juu ya kadi ngumu, mara nyingi yenye jina la studio yake chini. Mteja hakuwa na haja ya kuuliza aipeleke wapi. Picha na kadi yake vilitoka mlango mmoja.

Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, enzi ya mayai ilikuwa imekwisha. Karatasi ya jelatini ilikuwa nzito zaidi, ikaweza kurudi nyumbani ndani ya bahasha tu. Kwa familia nyingi, fremu ikawa shauri la seremala na mkata kioo, watu ambao hawakulazimika kujua picha imetengenezwa kwa nini.

Hapo ndipo mimi nilipokwama na picha ya bibi, mama yake mama. Ilipigwa Unguja miaka ya 1950, negativu haipo. Nyuma yake ameandika kwa penseli, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, jina la mtoto aliyempakata. Katika ukoo wetu hakuna aliye hai anayemkumbuka mtoto huyo. Maneno hayo mawili ndiyo kumbukumbu yake yote.

Mama mdogo aliitaka picha sebuleni. Nilianza Kariakoo, kwa fundi anayetia fremu kila kitu: rais, aya za Kurani, mahafali. Bei yake ilikuwa elfu 15. Nilimuuliza swali moja: utaibandika?

“Mwanangu, isipobandikwa italegea.”

Gundi ingemfuta mtoto yule. Tena kioo chake hulala juu ya picha moja kwa moja, na katika joto la Dar es Salaam jelatini hunyonya unyevu, ikalainika, ikashikamana na kioo. Siku ya kukibandua, sura hubaki upande wa kioo.

Duka la pili, Masaki, lilikuwa na kiyoyozi na bei ya kiyoyozi: elfu 90. Walikuwa na kadi ya pamba, ile inayokatwa dirisha katikati na kuwekwa juu ya picha. Unene wake huacha nafasi ya hewa chini ya kioo. Kadi ya bei rahisi, ya massa ya mbao, hutoa asidi na baada ya miaka huchora mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Hilo walilijua vizuri. Nilipouliza kuhusu gundi, kijana wa mapokezi alisema wanatumia “ya kisasa”. Sikuridhika na kivumishi.

Wahifadhi wa nyaraka wangeshauri nitundike nakala na asili ilale gizani. Nilimweleza mama mdogo. Akaniuliza kama nami nitamtuma mtu anayefanana nami aje Idi.

Nilinunua kadi mbili tu za pamba Masaki, nikarudi Kariakoo. Fundi alikunja vipembe vinne vya karatasi, akavigandisha kwenye kadi ya nyuma, picha ikaingia kona zake humo bila kuguswa na tone la gundi. Aliifurahia hila hiyo kuliko mimi. Tukakubaliana ubao wa nyuma ushikwe kwa misumari midogo ili ufunguke, na fremu itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Kisha akaigeuza picha, akasoma jina kwa sauti, polepole, kwa matamshi ya madrasa. Mimi hati hiyo nilijifunza chuo kikuu. Alisoma irabu moja tofauti na nilivyoisoma mimi, na nadhani yeye ndiye aliyepatia.