Tatizo, Utaratibu na Uthibitisho katika Jiuzhang Suanshu: Usomaji wa Ufafanuzi wa Liu Hui

Jiuzhang suanshu, yaani Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ni kitabu chenye matatizo 246, nayo yamepangwa kwa umbo moja: swali huulizwa, jibu hutajwa, kisha hufuata shu. Neno hilo la mwisho linafasiriwa hapa kuwa "utaratibu" badala ya "kanuni". Kanuni hueleza uhusiano uliopo baina ya vitu, ilhali shu humwelekeza mtendaji hatua za kufuata akiwa na vijiti vya kuhesabia mbele yake. Ukavu wa umbo hilo umechangia kuwafanya baadhi ya wanahistoria waione hisabati ya China ya kale kuwa mkusanyiko wa maelekezo ya makarani: yenye manufaa, mara nyingi sahihi, lakini isiyojishughulisha na kuthibitisha. Hukumu hiyo inapimwa hapa kwa kuyasoma matatizo machache ya kitabu hicho sambamba na ufafanuzi alioukamilisha Liu Hui mwaka 263 BK, katika dola ya Wei.

Kwamba hesabu hizi zina mizizi katika utawala, hilo halina ubishi. Katika kaburi la Zhangjiashan, mkoani Hubei, lililofungwa yapata mwaka 186 KK na kufukuliwa mwaka 1983 na 1984, vipande vya mianzi vyenye maandishi ya hesabu yaitwayo Suan shu shu vilikutwa pamoja na vipande vyenye sheria za dola ya Han. Sura za Jiuzhang nazo zinahusu upimaji wa mashamba, ubadilishanaji wa nafaka, ujenzi wa kuta na mifereji, na mgawanyo wa kodi.

Sura ya sita hufungua kwa tatizo la aina hiyo. Wilaya nne zinatakiwa kupeleka hu 250,000 za nafaka kwa mikokoteni 10,000. Ya kwanza ina kaya 10,000 na iko umbali wa safari ya siku 8. Ya pili kaya 9,500, siku 10. Ya tatu kaya 12,350, siku 13. Ya nne kaya 12,200, siku 20. Utaratibu unaagiza idadi ya kaya igawanywe kwa siku za safari, na mikokoteni igawiwe kwa uwiano unaopatikana, yaani 125, 95, 95 na 61. Hapo kila kaya hubeba mzigo uleule wa kazi, iwe karibu au mbali. Majibu ni mikokoteni 3,324, 2,527, 2,527 na 1,622. Hesabu kamili ingeacha sehemu katika kila wilaya, lakini mkokoteni haugawanyiki, hivyo sehemu hizo zimekusanywa kwa busara ili jumla ibaki 10,000. Hapa karani anaonekana waziwazi.

Lakini karani huyo haonekani kila mahali. Sura ya nne inauliza urefu wa shamba la mu 1, sawa na bu za mraba 240, ambalo upana wake ni bu 1 na nusu. Jibu ni bu 160. Tatizo linalofuata linaongeza theluthi moja kwenye upana, linalofuata linaongeza robo, na mfululizo unaendelea hivyo hadi sehemu ya kumi na mbili. Ni vigumu kumfikiria mpimaji aliyewahi kukutana na shamba la upana huo. Shamba limebaki jina tu. Kinachofanyiwa kazi ni ujumlishaji wa sehemu zenye asili tofauti. Yeyote anayehesabu matatizo ya kitabu hiki kuwa ya vitendo kwa sababu tu yanataja mashamba na nafaka anapaswa kwanza kuueleza mfululizo huu.

Sura ya nane, fangcheng, inaonyesha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Miganda 3 ya nafaka ya daraja la juu, 2 ya daraja la kati na 1 ya daraja la chini hutoa dou 39. Miganda 2, 3 na 1 hutoa dou 34. Miganda 1, 2 na 3 hutoa dou 26. Kila mganda wa kila daraja hutoa kiasi gani? Takwimu hupangwa kwa vijiti katika safu wima tatu. Safu ya kati huzidishwa kwa 3, kisha safu ya kulia hutolewa humo mara mbili, na kubaki 0, 5, 1 na 24. Safu ya kushoto nayo hufanyiwa vivyo hivyo, ila hutolewa mara moja, na kubaki 0, 4, 8 na 39. Hii ya mwisho ikizidishwa kwa 5 na ile ya kati ikatolewa humo mara nne, hubaki 36 na 99, yaani mganda wa daraja la chini ni dou 2 na robo tatu. Madaraja mengine, dou 4 na robo na dou 9 na robo, hupatikana kwa kurudi nyuma. Kwa kuwa utoaji huu wakati mwingine huzaa idadi pungufu, sura hiyohiyo inatoa masharti ya kujumlisha na kutoa namba chanya na hasi. Liu Hui anaeleza kwamba vijiti vyekundu vilikuwa vya chanya na vyeusi vya hasi. Namba hasi hapa hazitokani na deni la mfanyabiashara, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Zinatokana na utaratibu wenyewe, ambao bila hizo ungekwama katikati.

Kitabu chenyewe hakisemi kwa nini utoaji wa safu kutoka safu nyingine hauharibu jibu. Liu Hui anasema: kutoa kiasi kinacholingana pande zote hakubadilishi uhusiano wa masalio. Ni sentensi fupi, lakini ni sababu, na inashika kwa mifumo yote ya aina hiyo, si kwa nafaka pekee. Ndivyo anavyofanya kazi kotekote: hachukui nafasi ya utaratibu, anatafuta kinachoufanya uwe kweli. Kwa eneo la duara, Jiuzhang inazidisha nusu ya mzingo kwa nusu ya kipenyo, jambo ambalo ni sahihi, ingawa matatizo yake huchukulia mzingo kuwa mara 3 ya kipenyo. Liu Hui anachora ndani ya duara umbo la pande 6, kisha 12, 24, 48, 96 hadi 192, na kuonyesha kwamba 3 ni uwiano wa umbo la pande 6, si wa duara. Uwiano anaoupendekeza ni 157 kwa 50.

Kipimo kigumu zaidi cha hoja hii ni tufe. Utaratibu wa kale unachukulia ujazo wa tufe kuwa sehemu 9 kati ya 16 za mchemraba unaoligusa. Liu Hui anafukua chanzo cha kosa: waliotangulia walidhani tufe kwa mcheduara wake ni kama duara kwa mraba, 3 kwa 4, na mcheduara kwa mchemraba vilevile. Hata kwa uwiano huo wa 3, ujazo sahihi ni nusu ya mchemraba. Anabuni umbo jipya, mouhe fanggai, linalopatikana pale micheduara miwili inapokatizana kwa pembe mraba ndani ya mchemraba. Kila kimo, mkato wa tufe ni duara lililo ndani ya mkato wa mraba wa umbo hilo; kwa hiyo ni huo, si mcheduara, unaobeba uwiano wa duara kwa mraba. Ilibaki kuupata ujazo wa umbo lenyewe. Hapo Liu Hui alishindwa, akaandika kwamba ameshindwa, na kumwachia swali atakayeweza kulijibu. Mwandishi wa maelekezo ya makarani asingekuwa na sababu ya kuacha ukurasa kama huo: tarakimu ya kutumia alikuwa nayo.

Jibu lilitolewa na Zu Geng, mwana wa Zu Chongzhi, zaidi ya karne mbili baadaye. Alichunguza sehemu ya mchemraba iliyobaki nje ya mouhe fanggai, akaona kwamba katika kila kimo eneo la mkato wake ni sawa na la mkato wa piramidi iliyopinduliwa. Ujazo wa masalio hayo ni theluthi moja ya mchemraba, na wa mouhe fanggai ni theluthi mbili. Hoja hiyo imesalia kwa sababu Li Chunfeng na wenzake waliinukuu katika ufafanuzi wao, walipoandaa vitabu kumi vya hesabu kwa ajili ya shule ya serikali ya Tang mwaka 656. Zhui shu, kitabu cha ukoo wa Zu kilichofundishwa katika shule hiyohiyo, kilipotea.