Bastola Moja, Risasi Sita

Nilimaliza shahada ya kwanza ya historia nikiamini kwamba Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa la kuongoza Mau Mau. Hakuna aliyenidanganya. Ni jambo ambalo mtu hukua akilijua tu, na hakuna anayeona haja ya kuuliza hati ya mashtaka ilisemaje. Nilipoanza uzamili ndipo nikasoma kumbukumbu za kesi yake, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa zimepotea hadi Julie MacArthur alipozichapisha mwaka 2017. Mashtaka ni mawili: kupatikana na bastola bila idhini, na kupatikana na risasi 6. Basi. Hakuna mauaji wala uhaini.

Alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi mguuni, miaka minne na siku moja tangu Gavana Evelyn Baring atangaze Hali ya Hatari. Mwezi uliofuata alisimamishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Alijitetea kwamba alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Hakuaminiwa. Rufaa zikagonga mwamba, hata ile ya London, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Kwa nini shtaka hilo? Nadhani ni kwa sababu bastola haina maneno mengi. Ukimshtaki mtu kwa uhaini, atauliza yeye ni raia wa nani, na ardhi ilichukuliwaje. Ukimshtaki kwa bastola, swali ni moja: ulikuwa na idhini au hukuwa nayo? Chini ya kanuni za Hali ya Hatari jibu baya lilitosha kukupeleka kitanzini, na hata risasi moja mfukoni ilikuwa ushahidi kamili. Mwanahistoria David Anderson amehesabu zaidi ya watu 1,000 walionyongwa katika vita vile. Walionyongwa kwa kupatikana na silaha au risasi ni wengi kuliko walionyongwa kwa kuua.

Na idhini ilikuwa ya nani? Masetla walikula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani, kando ya chumvi. Homgadi walianza na mikuki, kisha wakaazimwa bunduki utiifu wao ulipothibitika. Wapiganaji wa msituni walijiundia zao kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira, nyingine zikimlipukia mwenyewe kabla ya adui.

Niliyasema haya kwenye semina nikidhani naeleza historia tu. Mwenzangu mmoja akadakia: kwa hiyo unakubali kwamba silaha ni haki? Akaitaja Mississippi, ambako mwaka 1865, vita vya Marekani vilipokwisha tu, sheria ilimkataza Mweusi aliyetoka utumwani kuwa na bunduki bila leseni ya wakuu wa kaunti, wakuu ambao ni wale wale waliokuwa wakimmiliki au jamaa zao. Leseni, akasema, ni njia ya adabu ya kusema "si wewe."

Sikuwa na jibu la haraka, na hilo liliniudhi, kwa sababu mimi ni mtetezi wa leseni. Ninatoka nchi ambayo wizi wa mifugo kaskazini ulikuwa wa mikuki ukageuka wa bunduki za kivita, na vijiji vikahama. Sitaki bunduki kwa jirani yangu, na nikisema kweli sitaki hata kwangu. Lakini sheria ninayoitetea ina babu yake, na babu huyo alijenga vitanzi. Nilichomjibu hatimaye ni kwamba hata haki ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1791 haikumsaidia yule mtu wa Mississippi. Akasema hilo ni jibu la mwanasheria. Nadhani alikuwa sahihi.

Cucu wangu alikuwa msichana wakati ule, katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Mama yake alikuwa akifagia chini ya kitanda kila usiku kabla ya kulala. Hakuwa akitafuta vumbi. Aliogopa mtu mwenye kinyongo asije akawatupia risasi humo, halafu askari waje asubuhi.

Mwaka jana nilimpeleka Nairobi kwa daktari wa macho, tukapitia Barabara ya Kimathi. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Miaka minne tu kabla ya hapo Mau Mau lilikuwa bado kundi haramu kisheria. Mahakama ilizungumzia bastola, mchongaji akampa bunduki mkono wa kulia na kisu wa kushoto. Watu walikuwa wakipiga picha. Cucu aliitazama bunduki muda mrefu, akaniuliza kama ni ya kweli. Nikamwambia ni shaba, cucu, twende uiguse. Akakataa. Akanishika mkono, tukavuka upande wa pili.