Babu Yetu, Fundi wa Miono

Katika kijitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za Maaskofu, za Mapadre na za Masista, nayo ni haki. Mimi nimeomba nafasi ndogo niandike habari za mtu asiyetajwa katika daftari yo yote ya kanisa, ila ile ya ubatizo na ile ya maziko. Huyo ni babu yangu, seremala wa Miono.

Ufundi wake ulikuwa na asili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafika Bagamoyo mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Watoto walifundishwa sala na kusoma, tena kulima na kazi za mikono. Kimbunga cha Aprili 1872 kikabomoa mengi, wakajenga upya. Nami nadhani mafundi wengi walijifunza kazi katika kujenga huko kuliko darasani. Kisha jamaa za Kikristo zikatolewa Bagamoyo kwenda kuanzisha misioni za bara, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Mandera ni jirani zetu, na babu alitusimulia kwamba mzee aliyemfundisha kushika tezo alikuwa mjukuu wa mmoja wa hao waliohamia huko.

Basi hapakuwa na kitu cha mti asichoweza kukitengeneza: mipini ya majembe, vinu na michi, mizinga ya nyuki, vitanda vya kamba, milango. Alipima kwa shubiri na dhiraa, wala hakukosea. Misumari aliitumia kwa shida. Alipenda kuchonga ulimi wa ubao uingie katika tundu la mwenzake, kisha kupigilia kijiti. Mbao aliziacha kivulini hata vuli na masika zipite, ndipo azikate. “Mjukuu wangu,” husema, “ubao mbichi ni mwongo.” Alikuwa mpole kwa watu wote, isipokuwa yule aliyeazima tezo lake akalirudisha butu. Huyo hata salamu yake haikuitikiwa mpaka Dominika.

Majeneza ya watoto hakuyatoza fedha. Aliyafanya usiku, taa ya chemli pembeni, nasi tulikatazwa kumsemesha.

Uvunguni mwa kitanda chake aliweka mbao sita za mninga, nzito, nyekundu, zisizoliwa na mchwa. Sote tulijua ni za jeneza lake mwenyewe. Lakini kigango chetu kilipoezekwa upya, waamini walikuwa wakikaa chini juu ya mikeka, na wazee wakiumwa magoti. Asubuhi moja tukaona uvungu mtupu. Bibi alinung'unika sana, akamwuliza atazikwa na nini. Babu akajibu kwamba maiti haumwi magoti. Mbao zile, pamoja na nyingine alizoomba huku na huku, zikawa mabenchi manane. Alipofariki tulimzika katika jeneza la mwembe.

Sasa nakuja katika jambo lililonifanya niandike. Tulipokuwa tukijitayarisha kwa jubilei, halmashauri ya kigango iliazimu kununua viti vya plastiki, na mabenchi ya zamani yapasuliwe kuwa kuni za kupikia wageni. Mimi ni mwalimu, na nilikuwa mjumbe. Walipoulizwa wanaokubali, niliinua mkono wangu pamoja na wenzangu, kwani nilifikiri juu ya wageni na juu ya picha zitakazopigwa. Juu ya babu sikufikiri hata kidogo.

Siku ya pili nilipita nyuma ya kanisa, nikaona benchi moja limepinduliwa. Chini yake palikuwa na mikwaruzo mitatu ya tezo, alama aliyokuwa akiitia katika kila kazi yake, maana hakujua kuandika. Saba yalikuwa yamekwisha pasuliwa.

Lile la nane lipo. Limewekwa karibu na mlango wa sakristia, na mtumishi wa altare hulikalia akivaa viatu vyake. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika wakati wa kurushwa, nikamwita kijana fundi autengeneze, nikamwagiza alete mninga mkavu. Alilipindua, akatia kidole katika ile mikwaruzo, akaniuliza ni kazi ya nani.

Nikaketi, nikamweleza.