Maji taka ya mkonge yanavyogeuzwa kawi

JANI la mkonge likikwanguliwa hutoa takriban asilimia nne tu ya uzito wake kuwa nyuzi. Kilichosalia ni utomvu na makapi mabichi, ambayo husombwa na maji mengi yanayomiminwa mashineni. Kwa miaka mingi uchafu huo ulielekezwa mitoni, ambako huozea, ukamaliza oksijeni na kuwaua samaki. Wanaoteka maji upande wa chini ndio waliobaki na uvundo.

Katika shamba la Hale, mkoani Tanga, Tanzania, kampuni ya Katani iliamua kuutumia. Kwa usaidizi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa (UNIDO), ilijenga mtambo wa bayogesi wenye uwezo wa kuzalisha kilowati 150 za umeme. Mashamba ya Mwatate na Vipingo humu nchini Kenya hulima zao lilo hilo.

Makapi hayawezi kutoa gesi yakiwa makavu. Lakini kuyalowesha kwa maji safi ni hasara maradufu, kwani maji taka tayari yamebeba sukari iliyoyeyuka, chakula chepesi cha bakteria.

Ndani ya tangi lisilopenyeza hewa, kundi moja la vijidudu huvunjavunja makapi kuwa asidi. Kundi la pili huigeuza asidi hiyo kuwa methani, gesi inayowaka, pamoja na kaboni dioksidi. Hili la pili hufanya kazi polepole, na halistahimili uchachu. Tangi likilishwa kwa pupa, asidi hujaa na gesi hukatika, na huenda ikachukua wiki kadhaa kulifufua. Ndiyo sababu huanzishwa kwa samadi ya ng'ombe, ambayo huleta vijidudu wenyewe na nitrojeni iliyo haba katika mkonge.

Nyuzi zilizoponyoka mashine nazo huelea na kufanya utando mgumu unaonasa vikorogeo. Wanaosifu teknolojia hii aghalabu husahau kutaja gharama ya kuuondoa. Isitoshe, gesi hiyo huwa na salfa, ambayo isipochujwa hula injini.

Maji yatokayo tangini hayajawa safi. Yangali na nitrojeni na potasiamu, hivyo mahali pake ni shambani yakiwa mbolea, wala si mtoni.